Mtu wa Mbeya na Daftari la Baba

Nilimchukia kabla sijamwona. Ilitosha kusikia kwamba anatoka Mbeya, kwamba anapiga taipu kwa vidole vyote kumi, na kwamba atapewa meza ya dirishani. Meza ile nilikuwa naitamani mwaka wa nne sasa. Iringa ikiingia Juni, chumba cha kumbukumbu pale boma kinakuwa na baridi ya kufisha vidole, na dirishani ndipo mahali pekee jua linapoingia asubuhi. Mimi nilikaa nyuma ya rafu, shuka mabegani, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nasikia baridi.

Waliponipa habari nilisema, "Na akaribie." Kisha nikarudi nyuma ya rafu nikajitanda shuka langu.

Mtu wa leo akisikia maktaba ya sheria hufikiri ukumbi wenye vioo na ngazi. Yetu ilikuwa chumba kimoja na rafu tatu za mninga. Rafu ya juu ilikuwa ya vitabu vya sheria za Kihindi ambazo Waingereza walituletea, vyote vimevaa ngozi nyekundu. Ya kati ilikuwa ya magazeti ya serikali ya Kijerumani, yamefungwa pamoja mwaka kwa mwaka, herufi zake zimejikunja hata Wazungu wenyewe hawazisomi. Ya chini ilibeba hukumu za rufani. Kila mguu wa rafu niliusimamisha ndani ya kopo la mafuta ya taa, mchwa wasipande, na kati ya kurasa nilitia majani makavu ya tumbaku. Hakimu akitaka kitabu alikuja kwangu. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akitaka kitabu alikuja kwangu pia, na hakitoki mpaka atie sahihi. Raha niliyokuwa nikiipata Mzungu akiinama kutia sahihi mbele yangu sitaificha, maana nimeshakuwa mzee na sina wa kumwogopa.

Lakini mali yangu hasa haikuwa rafuni. Ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya dirisha, nalo lilikuwa na daftari la mashauri ya baraza la liwali. Liwali ndiye aliyekuwa akiamua kesi za watu wa mjini, na karani wake alikuwa baba yangu. Baba alipanda kutoka pwani na Wajerumani, kalamu mkononi, akaoa hapa Iringa binti wa Kihehe, akaandika mashauri ya watu mpaka Wajerumani wakaondoka, na Waingereza wakamkuta bado anaandika. Aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wenziwe wote wa zama zake. Alikuwa na desturi yake: shauri moja, karatasi moja. Upande wa mbele madai, upande wa nyuma hukumu. Hata shauri likiisha kwa mistari mitatu, karatasi iliyobaki aliiacha tupu. Alisema haki ya mtu isilalie mgongo wa haki ya mwenzake.

Mchwa walikuwa wamekula majalada na mshono kabla mimi sijaajiriwa. Zilibaki karatasi mia mbili na kumi na nne, zimefungwa kwa uzi kama kuni, lakini zimepangika vilevile alivyozipanga yeye. Miaka ilikuwa imeandikwa kwenye majalada, kwa hiyo miaka ililiwa. Ndani mlikuwa na siku na mwezi tu, tena miezi ya kipwani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili. Boma zima, aliyeweza kuzisoma alikuwa mimi peke yangu. Kwa ajili hiyo nilijiona mtu.

Ndipo akaja mwalimu wa sheria kutoka chuo kikuu kimoja cha Uingereza. Alikuwa mrefu, mpole, Kiswahili chake cha kitabuni. Huko chuoni kwao walikuwa wanakusanya hukumu za mabaraza ya Waafrika, waziweke katika maktaba yao ya sheria, wanafunzi wazichambue. Nilipomfungulia lile sanduku alipiga goti sakafuni. Nakuambia alipiga goti, na suruali yake nyeupe. Akasema vitu vya namna hii ni adimu, na kwamba atamwomba Bwana Shauri ampe ruhusa avichukue, na kwamba karani mmoja atafuatana navyo akakae kule chuoni mwaka mzima, ajifunze kazi ya maktaba.

Sikungoja kuambiwa ni karani gani. Nani mwingine? Jioni ile nilimwambia mama, na mama naye hakuwa mtu wa kufungia siri kifuani. Kesho yake sokoni watu walinisalimu kwa jina la Ulaya. Jumuiya nzima ya msikitini ilijua. Shangazi yangu wa upande wa baba alinipa ushauri kuhusu nyama za huko, nisije nikala nguruwe kwa kutojua. Nilikuwa nimeshaondoka, tuseme, imebaki mwili tu kupanda gari.

Baada ya wiki mbili mwalimu akasema anahitaji mtu wa kupiga taipu muhtasari wa kila shauri. Bwana Shauri akaandika barua Mbeya. Hivyo ndivyo mtu wa Mbeya alivyoingia katika maisha yangu.

Alikuwa kijana wa Kinyakyusa, amenipita kimo, mtoto wa shule za misheni. Meno yake yalikuwa meupe na aliyaonyesha mno. Kiingereza alikisema bila kutafuta maneno. Asubuhi ya kwanza aliningoja mlangoni, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Shikamoo, kaka. Mimi huku ni mgeni. Wewe ndiyo utanifundisha." Tulikuwa tunapishana miaka mitatu, na shikamoo yake ikaniuma kama tusi. Nikamjibu marahaba. Moyoni nikasema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lako nitalichagua mimi.

Wivu ukikukalia, kila kitu cha mwenzio huwa kosa. Akifika mapema, nilisema anajipendekeza. Akichelewa, nilisema ameshaota pembe. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku anapiga taipu, na mwalimu alikuwa akitikisa kichwa kuifuata. Mimi ningeimba kaswida mle ndani, wangeniuliza kama naumwa. Mchana alikuwa akienda kula na kurudi na viazi vya kuchemsha amevifunga kwenye jani la mgomba, ananigawia. Nilivila. Vilikuwa vizuri, na hilo nalo lilinikera. Mwalimu akimaliza kuzungumza nami kwa Kiswahili chake cha polepole, alimgeukia yule wakaanza Kiingereza, wakacheka, nami nikabaki nakunja uzi.

Siku ya Alhamisi ililetwa mashine ya kupigia namba. Ilikuwa ya chuma, ukiibonyeza inapiga moja, ukiibonyeza tena inapiga mbili, kwa wino mweusi usiofutika. Mwalimu alitaka kila karatasi ya daftari ipigwe namba pembeni, ili kule chuoni isipotee wala isichanganyike. Kazi hiyo alimpa mtu wa Mbeya.

Yule akanifuata nyuma ya rafu na fungu la karatasi kalibeba kama mtoto. "Kaka, hii karatasi zinaanzia wapi?"

Lilikuwa swali la dakika moja. Mtoto yeyote aliyekaa madrasani mbele ya msahafu anajua: kitabu cha herufi za Kiarabu hufunguliwa kutoka kuume, na pale Mzungu anapoweka mwisho, sisi ndipo tunapoanza. Ningenyoosha kidole tu. Badala yake nilimtazama, nikaona ile mashine inang'aa mkononi mwake, karatasi za baba yangu kifuani mwake, na jua la dirishani liko begani mwake. Nikasema, "Mwenye macho haambiwi tazama."

Akacheka, akidhani namtania. "Sawa, kaka. Nitatazama."

Ijumaa nilikwenda msikitini, na baada ya swala kulikuwa na hitima ya jirani, sikurudi kazini. Jumamosi asubuhi nikamkuta amesimama mlangoni, furaha imemjaa. "Kaka, nimekuonea huruma. Nimepiga namba yote, peke yangu. Mia mbili na kumi na nne!"

Nikaenda mezani. Alikuwa ameliweka fungu upande uliokuwa na mshono ukiwa kushoto, kama kitabu cha nyimbo, akaanza. Karatasi ya mwisho aliyoiandika baba maishani mwake ilikuwa na namba moja. Karatasi ya kwanza kabisa, ile ya enzi za Mjerumani, ilikuwa na namba mia mbili na kumi na nne. Tena kila namba ilikuwa imepigwa upande wa hukumu, si upande wa madai, kwa hiyo katika daftari zima watu walikuwa wanahukumiwa kwanza ndipo wanashtakiana.

Nilitaka kucheka. Hiyo ndiyo kweli na siwezi kuipamba. Jambo la kwanza lililonijia halikuwa baba, lilikuwa furaha. Nikajisemea, huyu na Kiingereza chake, na vidole vyake kumi, ameharibu. Wacha mwalimu aingie aone.

Mwalimu akaingia. Akafunua karatasi mbili tatu, akasifu namba zilivyonyooka. Kisha akanigeukia mimi, maana alikuwa mtu wa haki, akaniuliza, "Wewe ndiwe mjuzi wa maandishi haya. Je, iko sawa?"

Nilimtazama mtu wa Mbeya. Alikuwa ananingojea nimsifu.

"Iko sawa," nikasema.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi kuliko nilivyojiuliza jambo lolote. Ningesema kosa lile pale, mwalimu angeuona ujuzi wangu. Lakini nilihesabu haraka haraka, kama wivu unavyohesabu: nikilisema sasa, litasahihishwa kwa kalamu nyekundu na litasahaulika, na yule ataomba radhi kwa meno yake meupe na atapendwa zaidi. Likigunduliwa huko Uingereza, mbele ya wakubwa, atafedheheka. Nami nitakuwa nipo pale pale, maana aliyechaguliwa kwenda ni mimi. Nilikuwa bado naamini hivyo.

Tukaanza muhtasari. Mimi nikisoma kwa sauti, yeye akigeuza Kiingereza papo hapo na kupiga taipu. Tulifuata namba, kwa hiyo tulianzia mwisho. Kila karatasi ilibidi niigeuze, nisome madai kwanza kwa upande usio na namba. Siku ya pili akauliza, "Kaka, mbona unaanzaga nyuma?"

"Ndivyo baba alivyokuwa anaandika," nikamwambia. "Alikuwa na mambo yake." Nilimsingizia marehemu baba yangu bila hata kupepesa.

Hapo kuna jambo ambalo sikulitazamia. Miaka yake ya mwisho baba alikuwa na maradhi ya kutetemeka. Mkono wa kuume ulikuwa ukicheza wenyewe hata akiwa amelala. Liwali alimpenda, hakumwondoa, na mama alikuwa akienda naye barazani, anakaa kando yake kwenye mkeka na kumshika kiwiko ili kalamu itulie. Karatasi zile za mwisho zilikuwa zimejaa mikwaruzo, nukta zimekimbia herufi zake, mistari inateleza kama imeandikwa juu ya punda. Sasa kwa kuwa tulikuwa tunasoma kinyume, kila siku mkono wa baba ulizidi kupona. Wiki ya kwanza alikuwa hoi. Wiki ya pili alikuwa anashika kalamu mwenyewe. Wiki ya tatu mwandiko ulinyooka, mpana, wa kijana aliyeshuka juzi kutoka kwenye msafara na hana hofu na mtu. Mtu wa Mbeya, ambaye hakuweza kusoma hata alifu, alisimamisha taipu akasema, "Huyu mzee alikuwa na mkono mzuri, jamani." Nilifurahi hadi nikasahau kumchukia, labda kwa muda wa robo saa.

Agosti mwalimu alitupakia wote wawili garini kwenda Mbeya. Alikuwa ameambiwa kwamba boma la huko lina karatasi chache za herufi za Kiarabu, akataka nizisome. Tulitoka alfajiri, vumbi la barabara likaingia hadi kwenye kope. Igawa tulisimama kunywa chai ya kando ya njia. Mtu wa Mbeya alinunua mahindi ya kuchoma, akayapima kwa macho, akanipa hindi kubwa. Hata hindi alinichagulia kubwa. Nilitamani mara moja tu katika maisha yake anipunje, nipate sababu.

Mbeya boma walitupeleka stoo. Wakatoa sanduku, wakafungua, hamkuwa na karatasi, mlikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wameshasoma mashauri yote na kuyamaliza. Mwalimu alisikitika sana. Mimi niliona raha, kwamba huku kwao hawakuwa na makopo ya mafuta ya taa, na nikahakikisha mtu wa Mbeya ananiona ninavyotikisa kichwa.

Jioni akatuomba tufike nyumbani kwao, upande wa Uyole. Mama yake alitupikia ndizi na kutupa maziwa ya mgando. Alipokuja kunisalimu alipiga magoti, mama mtu mzima yule, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mwanangu alituma barua. Anasema huko Iringa iko kaka yake, ndiye anamfundisha kila kitu. Ndaga fijo." Nikajua maana yake ni asante sana. Nikatazama maziwa.

Tukiwa bado tunakula, mwalimu akasimama. Akasema angependa mama asikie kwa masikio yake. Akasema kazi iliyofanyika Iringa ni kazi safi, orodha imepangwa vizuri, namba zimenyooka, na kwamba chuo kimeafiki kijana huyu ndiye afuatane na daftari kwenda Uingereza.

Mama yule alipaza sauti, wanawake wa jirani wakaja mbio. Mtu wa Mbeya hakutazama kwao. Alinitazama mimi. Nadhani, namwamini hata leo, alikuwa hajui kwamba amechaguliwa. Nikapiga makofi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka, maana nilijua nikiacha kupiga makofi mikono yangu itafanya jambo lingine.

Usiku ule walitulaza chumba kimoja. Akasema gizani, "Kaka, ukiniambia nisiende, siendi."

"Nenda," nikasema. "Mungu akutangulie." Na kwa siri nikaongeza: nenda na karatasi zako zilizopinduka, ukaumbuke.

Kurudi Iringa ndiko kulikonishinda. Ulaya yangu ilikuwa imeshatangazwa soko zima, sasa ilibidi itanguliwe duka kwa duka. Mama hakuuliza mengi. Alisema tu kwa watu kwamba mwanawe ameamua kubaki kwa kuwa yeye ni mjane. Nilimsikia anadanganya kwa ajili yangu nikaingia ndani. Sanduku la bati likaenda. Daftari halikuwapo tena chini ya dirisha, na meza ya dirishani nikapewa. Nilikaa juani miezi na miezi, sina furaha nayo hata kidogo.

Nilichokuwa nikiishi kwacho ni kungoja. Kila barua yenye stempu ya Uingereza ikifika boma, nilisema ndiyo hiyo, wamegundua. Nilijitungia hata maneno watakayomwambia. Aliniandikia mara nne, barua ndefu, za theluji na mabomba ya joto na vitabu vinavyotunzwa kwenye makabati ya vioo. Sikumjibu hata moja.

Kabla mwaka wake haujaisha kilifika kijitabu chembamba cha jalada la kijivu, chapa ya chuo chenyewe. Kilikuwa orodha ya nyaraka za mabaraza ya Afrika zilizomo katika maktaba yao. Ndani alikuwa ametia kikaratasi: Kaka, tazama ukurasa wa kumi na tisa, mzee yumo.

Nilikwenda nacho nyumbani. Mama alikuwa anachambua mboga uani. Aliposikia kwamba habari za mumewe zimepigwa chapa Ulaya, alinawa mikono, akajitanda upya, akakaa kitako kama mtu anayesubiri kuozeshwa. "Soma, mwanangu. Polepole."

Nikaanza kumfasiria. Daftari la baraza la liwali, Iringa. Karatasi mia mbili na kumi na nne. Kisha kukawa na maelezo ya mwandiko. Mtu hahitaji kujua kusoma ili aone mkono unaotetemeka. Waliandika kwamba mwandishi, inavyoonekana, alianza kazi akiwa mwanagenzi asiyejua vema kuandika. Kwamba karatasi za mwanzo ni za kubabaisha, pengine za mtoto au za mtu aliyekuwa akijifunza. Na kwamba kadiri miaka ilivyokwenda, chini ya usimamizi wa Waingereza, mwandiko wake ulikua na kuimarika, hadi karatasi za mwisho ambazo ni nzuri kwa kweli.

Nilikuwa nimeshatafsiri yote kabla sijaelewa nilichosema. Ningeweza kuruka mistari ile. Sikuwahi.

Mama alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, pale kwenye kiwiko, bila kujua anafanya hivyo.

"Mwanagenzi?" akasema. "Baba yako? Alikuja hapa anaandika kuliko mwalimu wao." Kisha, "Zile karatasi mbaya nilimshikia mimi. Alikuwa anakufa, wanasema alikuwa anajifunza?"

"Wamekosea namba, mama."

"Nani kakosea?"

Nikafunga kijitabu.

"Wewe ulikuwapo," akasema. "Ulikuwa unamsomea yule mtoto wa watu. Hukuona?"

Mama alikuwa Mhehe wa kweli, hakuwa na tabia ya kulia mbele ya mtoto wake. Alinyanyuka akarudi kwenye mboga. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Waandikie. Na uandike ulichofanya, siyo alichofanya mwenzio."

Nilikaa na karatasi tupu siku tatu. Kijitabu kilieleza kwamba kwa jambo lolote lihusulo nyaraka za Tanganyika, barua iandikiwe karani msaidizi wa maktaba, na jina lililofuata lilikuwa la mtu wa Mbeya. Kwa hiyo hata kukiri kwangu ilibidi kupitie mezani kwake. Niliandika: Ndugu yangu, niliona siku ile ile ya Jumamosi. Uliniuliza zinaanzia wapi, nikakataa kukuonyesha. Mwalimu akaniuliza kama iko sawa, nikasema iko sawa. Baba yangu hakuwa akijifunza. Sababu ni wivu, sina nyingine. Nikaipeleka posta mwenyewe kabla mkono haujageuka.

Jibu lilichukua miezi miwili. Alikuwa amezipindua karatasi zote, amezipiga namba upya kwa wino mwekundu, upande wa madai, moja hadi mia mbili na kumi na nne. Kila nakala ya orodha iliyobaki chuoni ilibandikwa karatasi ya masahihisho, naye alinitumia moja: ilisema mwandishi alikuwa fundi tangu mwanzo, na kwamba karatasi za mwisho ziliandikwa katika maradhi. Aliwaambia wakubwa kwamba kosa la namba lilikuwa lake yeye peke yake, la mtu asiyejua herufi zile aliyefanya haraka, na kwamba aliyeligundua ni karani wa Iringa. Kuhusu neno wivu hakusema lolote, wala kwao wala kwangu. Chuo kilipendezwa na uungwana wake, wakamwongezea miaka mitatu.

Nilisoma barua ile nimesimama pale posta. Baba alikuwa amerudishiwa mkono wake, na mimi nilichoona ni kwamba yule mtu amenishinda tena, safari hii kwa wema, na wivu ukanipanda upya, ule ule, mbichi. Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole.

Mama akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema baba alikuwa na mwandiko mzuri tangu mwanzo."

"Na wewe?" akauliza. "Anasemaje juu yako?"

Nikamwambia hakusema kitu. Mama akasema, "Basi ana adabu," akaendelea kupepeta mchele.